Dada, Goti Linanitesa: Nipake Nini?

Ya mawifi na mama wakwe leo tuyaweke kando, maana kuna ujumbe kutoka Rhamu, huko Mandera, usiongoja. Aliyeuandika analima vitunguu kando ya Mto Daua, Ethiopia anaiona ng'ambo kila asubuhi akiinama kupalilia, na magoti yamemkataa miaka sasa. Kiuno nacho kimedakia. Binti yake aliyeko Eastleigh amemtumia krimu ya ganzi, ile ambayo watu wa mjini hujipaka kabla ya kuchorwa tatuu, na maelekezo juu: paka usiku, zungushia karatasi ya nailoni ili dawa isikauke, kisha ulale. Anauliza: "Dada, ngozi inakufa ganzi kweli, hata nikijifinya sisikii. Mbona goti bado linauma?"

Abayo, kabla sijakujibu, toa hiyo nailoni. Usingoje nimalize. Sababu inakuja.

Dawa iliyomo karibu kila krimu ya ganzi inaitwa lidokeini. Si dawa ngeni kwako kama umewahi kung'olewa jino, kwa kuwa ndiyo ile ya sindano ya fizi. Mkemia wa Uswidi, Nils Löfgren, aliitengeneza mwaka 1943, ikaanza kuuzwa 1948, na mpaka leo hospitali haziwezi kufanya kazi bila hiyo. Inachofanya ni kuziba vijia ambavyo mishipa ya fahamu huvitumia kupitisha habari ya maumivu. Mshipa haupeleki habari, ubongo haujui, nawe husikii. Lakini daktari wa meno anaifikisha kwa sindano mpaka pale pale panapohusika. Krimu inapita ngozini, na nguvu yake inaishia hapo na chini kidogo. Goti lenyewe limejificha: kuna ngozi, kuna mafuta, kuna kano, kuna kifuko cha kiungo, ndipo ufike kwenye gegedu lililolika. Kiuno ndiyo mbali zaidi, nyama za mgongo ni nene. Kwa hiyo krimu yako haikukudanganya. Imetia ganzi ilipofika, na haikufika kwenye tatizo.

Kuna mahali krimu na plasta za lidokeini zinasaidia sana, nisije nikaonekana nazipiga vita. Aliyepatwa na mkanda wa jeshi, vile vipele vya kuungua vinavyozunguka ubavu upande mmoja, anaweza kubaki na maumivu makali kwa miezi baada ya vipele kupona, kiasi kwamba hata dera likimgusa analia. Hayo ni maumivu ya mishipa iliyo karibu na ngozi. Plasta ya asilimia 5, inayobandikwa saa 12 na kutolewa saa 12, ilitengenezewa watu kama hao. Wengine hupata nafuu kidogo hata kwa misuli ya shingo na bega. Nafuu kidogo si dhambi. Ila tujue ni nini tunanunua.

Sasa nailoni. Ngozi ni mlango, na mlango huo hufunguka zaidi kukiwa na joto, unyevu na kitu kilichofunika juu. Dawa ambayo ingeingia kidogo kidogo inaingia kwa wingi, inafika kwenye damu, na lidokeini ikizidi kwenye damu haichagui: inatia ganzi hata mahali ambapo hutaki ganzi, yaani moyo na ubongo. Mwaka 2007, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wasichana wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa 25, kufariki. Walikuwa wanajiandaa kuondolewa nywele za miguu kwa miale ya leza. Walijipaka krimu kali ya ganzi, wakajizungushia nailoni, wakapata degedege, wakazimia, hawakuamka. Hawakuwa wagonjwa. Walitaka miguu laini tu.

Marekani hiyo ina viyoyozi, nasi tunazungumzia Rhamu, ambako jua la saa saba halina mzaha na usiku wenyewe wa mwezi wa tatu shuka linalowa jasho. Mwili wenye joto unakunywa dawa haraka.

Chukua tyubu yako, igeuze, tafuta neno lidocaine au lignocaine na tarakimu iliyo kando yake. Kiwango kinachoruhusiwa Marekani kwa krimu ya kununua bila cheti cha daktari ni asilimia 4. Machi 2024 FDA hiyo hiyo iliziandikia barua za onyo kampuni sita zilizokuwa zikiuza krimu zenye kiwango cha juu kuliko hicho, nyingi zikiwa za tatuu na za kuondolea nywele. Ukikuta 10 kwenye tyubu yako, au ukikuta maandishi ambayo hujui ni Kichina au ni kitu gani na tarakimu haipo kabisa, hiyo si ya goti. Bidhaa nyingi katika maduka yetu ya mpakani zinavuka bila kupita mikononi mwa Bodi ya Dawa na Sumu, na mwenye duka ambaye ameweka tyubu kati ya sabuni na betri za tochi hana habari kuliko wewe. Nunua mahali ambapo kuna mtu unayeweza kumuuliza.

Na ukiisikia midomo inawasha, masikio yanavuma, ulimi una ladha ya chuma, kichwa kinazunguka au moyo unakwenda mbio baada ya kujipaka, osha kwa maji na sabuni na uende hospitali. Usilale ukitumaini itapoa.

Haya, tuje kwenye zile tyubu nyingine ambazo kila nyumba inazo: Deep Heat, Robb, mafuta ya kuchua yenye harufu ya kupasua pua. Hizi hazitii ganzi hasa, zinaishughulisha akili na kitu kingine. Mentoli inaugusa mshipa uleule unaotambua baridi, na pilipili inaugusa ule unaotambua moto. Waliogundua vitambuzi hivyo, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, mmoja wao akiwa ameanza safari yake kwa pilipili hizi hizi tunazotia kwenye mchuzi. Mwili ukiwa unasikiliza baridi au moto, unasahau goti kwa saa moja mbili. Mimi naona hakuna ubaya. Saa mbili za kulala zina thamani yake.

Masharti ni machache lakini ni ya lazima. Usipake kisha ukakanda kwa maji moto au kuweka chupa ya moto juu. Watu wameungua mpaka malengelenge, na FDA ilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Usipake kwenye kidonda. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse mafuta yenye methyl salicylate bila kumwambia daktari, kwa sababu methyl salicylate ni jamaa ya aspirini na inaweza kumletea kutokwa na damu. Halafu mama mwenye mtoto mgongoni, nisikilize: ukijipaka mabega na mgongo asubuhi kisha ukambeba, uso wake unalala kwenye dawa yako. Kafuri na mentoli vinaweza kumbana mtoto mchanga pumzi, na kafuri ikimezwa huleta degedege. Chupa ya mafuta ya wintergreen, yaani methyl salicylate hiyo hiyo, iwekwe mbali na mkono wa mtoto kama unavyoweka mafuta ya taa, kwa maana kijiko kimoja cha chai kina nguvu ya vidonge vya aspirini zaidi ya 20.

Ninayoipendekeza kwa goti lililochakaa, au vidole vya mkono vilivyochakaa, ni nyingine kabisa: jeli ya diklofenaki. Jina lake umelisikia kwa vidonge na kwa ile sindano ya makalio ambayo watu wetu wanaipenda mno. Jeli haitii ganzi. Inapunguza uvimbe wa ndani, na kwa kuwa goti na vidole haviko ndani sana, inafika. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno ukilinganisha na kidonge, kwa hiyo tumbo na figo vinapumua. Watafiti waliokusanya majaribio mengi na kuyalinganisha walipata hivi: kati ya watu 10 wenye magoti yaliyolika, kama 6 walipungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi baada ya wiki 6 hadi 12 za kupaka, na waliopaka jeli isiyo na dawa walikuwa kama 5. Unaona mwenyewe si muujiza. Kupaka na kukanda peke yake kunasaidia nusu ya watu! Ndiyo maana siwezi kumcheka bibi anayechuliwa kwa mafuta ya simsim ya shambani kwake. Hayana diklofenaki, lakini mkono wa anayemchua umo ndani ya hesabu.

Tatizo la jeli hii kwetu ni kipimo. Maelekezo ya jeli ya asilimia 1 ni gramu 4 kwa goti moja, mara 4 kwa siku. Hiyo ni gramu 16. Tyubu ndogo ya gramu 20 haifiki kesho jioni, na hilo ni goti moja. Sisi tunaitumia tyubu hiyo mwezi mzima, tunagusa kidogo kwa ncha ya kidole, kisha tunasema dawa haifai. Kama pesa hazitoshi, na mara nyingi hazitoshi, muulize mfamasia kama gramu 2 mara 3 zinakutosha, uchague goti linalouma zaidi, uende nayo wiki nzima bila kuruka. Paka kipimo kamili kila mara, si kidogo kidogo kwa huruma. Ukifika siku ya 21 bila mabadiliko, acha, pesa hiyo inunue kitu kingine.

Na udhu? Najua mngeuliza. Dawa inataka isioshwe kwa angalau saa moja. Goti halimo kwenye udhu, halina shida. Shida ni kifundo cha mkono, vidole na kifundo cha mguu. Basi swala zenyewe ziwe saa yako: paka ukishaswali Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri na Isha. Baada ya Magharibi usipake, kwa maana Isha iko karibu na utaiosha kabla haijaingia. Subiri dakika 10 ikauke ndipo ushushe nguo. Wanaohofia Ramadhani wajue kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema kinachofyonzwa na ngozi, iwe krimu, mafuta au plasta ya dawa, hakifunguzi. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Mjamzito aliyevuka miezi mitano asipake diklofenaki mpaka aongee na mkunga. Mwenye pumu inayochokozwa na aspirini, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye figo mbovu naye aulize kwanza.

Nimekuja polepole kwenye jambo lenyewe. Mama wa Rhamu ameniuliza apake nini. Hakuniambia maumivu yake yanakuja vipi, na kwa eneo lile hilo ndilo swali. Je, usiku unatoka jasho mpaka unabadilisha nguo? Kuna homa inayokuja na kuondoka? Umechoka uchovu usioisha hata ukilala? Unakunywa maziwa ya ngamia au ya mbuzi bila kuchemsha? Ukijibu ndiyo mara mbili, weka tyubu chini. Huenda una brusela.

Brusela ni ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kupitia mikono mitupu inayomzalisha mnyama au kushika kondo la nyuma. Hupenda viungo vikubwa: nyonga, goti, uti wa mgongo chini kabisa. Mtu anaweza kuishi nao miezi akidhani ana "baridi ya mifupa", akapaka kila kinachouzwa. Krimu itamtuliza kwa saa chache na mdudu anaendelea kutafuna. Najua maziwa ya ngamia yaliyochemshwa wazee hawayataki, wanasema ladha imekufa. Na susa, ile iliyoganda, wengi wanaamini uchachu umeshaua kila kitu. Uchachu hauna uhakika huo. Chemsha mpaka yafure, ndipo ugandishe.

Ukienda kupimwa, uliza ni kipimo gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vituo vya afya vya Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichozoeleka kinawapa watu wengi ugonjwa wasio nao. Kile kinachoitwa Rose Bengal kinaaminika zaidi. Na ukithibitika unao, dawa ni ya wiki 6, kwa kawaida doksisaiklini pamoja na nyingine. Watu wetu wakisikia nafuu wiki ya pili wanaacha, wanagawia jirani vilivyobaki. Ugonjwa unarudi, nao unarudi na hasira.

La pili ni la mbu. Mei 2016 mji wa Mandera ulipigwa na chikungunya, ugonjwa ambao madaktari waliuandika kwa mara ya kwanza kule uwanda wa Makonde, Tanganyika, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Shirika la Afya Duniani lilieleza makadirio kwamba asilimia 80 ya wakazi wa mji huo waliguswa, pamoja na nusu ya wahudumu wa afya. Homa iliisha kwa siku chache. Viungo ndivyo vilivyobaki. Kuna watu hubaki na vidole, vifundo na magoti yanayouma kwa miezi, wengine miaka, na hawakumbuki tena kwamba ilianza na homa. Kwa hao jeli inasaidia, mazoezi yanasaidia, na daktari ajulishwe habari ya ile homa. Lakini homa ikiwa bado mbichi, usikimbilie diklofenaki wala aspirini, iwe kidonge au sindano, kwa sababu huenda ni dengi, na dengi ikikutana na dawa hizo damu hutoka. Meza paracetamol, kunywa maji, nenda ukapimwe. Mbu huyo anauma mchana na anazaliwa kwenye pipa na jerikeni zetu zisizofunikwa, si kwenye Daua.

Na kuna maumivu ya mifupa yenyewe, mapaja na nyonga, mpaka kuinuka kwenye mkeka ni kazi na unatembea ukiyumba. Madaktari wa Norway, Uswidi na Finland wamekuta mara nyingi wanawake wa Kisomali wanaoishi huko wana upungufu wa vitamini D. Utasema huko hakuna jua, kwetu liko tele. Liko, lakini ngozi iliyofunikwa siku nzima, au inayoshinda ndani, hailioni. Ua wa nyumba una faragha. Kaa hapo mikono na miguu ikiwa wazi, asubuhi jua likishapanda kidogo. Daktari akikupa vidonge, meza.

Kiuno nakimaliza haraka, kwa maana tiba yake watu hawaipendi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeweka mbele mazoezi na elimu, na mikanda ya kiuno umeikataa. Usilale kitandani wiki nzima. Tembea. Jerikeni ya lita 20 ikigawanywa mara mbili ni safari mbili, najua, lakini mgongo ni mmoja. Kwa goti, kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, ushikilie juu huku ukihesabu taratibu mpaka 5, ushushe. Fanya mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapunguziwa mzigo. Ni bure, ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Wanaochomwa kwa chuma cha moto kwenye goti siwatukani, ni mila ya wazee na walioifanya walikuwa wanatafuta msaada. Lakini kidonda kile kinaingiza usaha, na goti lenye usaha ni balaa kubwa kuliko goti linalouma. Msikubali.

Basi mdogo wangu wa Rhamu, nenda hospitali ya hapo hapo Rhamu ukiwa na tyubu yako mkononi, uwaonyeshe, uwaambie kuhusu maziwa, jasho la usiku na homa kama zipo. Wengine mnaosoma, kuna watu ambao hawapakwi kitu chochote: aliyepungua mwili huku mgongo ukiuma usiku na mchana, kwa sababu kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo; aliyekufa ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo; na mtoto mwenye homa ambaye kiungo chake kimevimba, kina moto, hataki kukikanyagia. Huyo mtoto mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi, maana usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache tu.